Uzito na Msuguano: Kanuni Iliyotangulia Sababu Yake

Tofali likilazwa kwa ubapa wake juu ya ubao, kisha likavutwa kwa kamba, hukataa kwenda mpaka livutwe kwa nguvu ya kiasi fulani. Tofali hilo hilo likisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, likavutwa tena juu ya ubao ule ule, huugusa ubao kwa eneo dogo zaidi. Watu wakiulizwa ni katika hali ipi litavutika kwa wepesi, wengi hujibu bila kusita kuwa ni katika hali ya pili, maana panapogusana padogo hapana budi pawe na ukinzani mdogo. Jibu hilo lina sura ya akili, lakini halina kweli. Nguvu itakiwayo ni moja katika hali zote mbili. Lakini tofali la pili likipandishwa juu ya la kwanza, nguvu hiyo huwa maradufu, na la tatu likiongezwa, huwa mara tatu. Msuguano hauulizi upana wa mahali panapogusana. Huuliza tu ukubwa wa nguvu inayovikandamiza vitu viwili pamoja.

Kanuni hii ni fupi, na mtoto wa shule aweza kuikariri kwa siku moja. Historia yake, hata hivyo, ni ndefu na ina mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni kwamba ilivumbuliwa, ikapotea, ikavumbuliwa tena na mtu mwingine asiyejua kuwa ametanguliwa. La pili ni kwamba watu waliiamini na kuitumia kwa muda wa karne mbili na zaidi bila ya kuijua sababu yake. Na sababu waliyodhani kuwa ndiyo, siyo.

Kabla ya kuisimulia historia hiyo, yafaa neno moja liwekwe wazi. Nguvu inayokandamiza si lazima iwe sawa na uzito. Sanduku lililo juu ya sakafu tambarare huikandamiza sakafu kwa uzito wake wote. Likiwekwa juu ya mteremko, uzito hugawanyika: sehemu moja hulivuta sanduku kuelekea chini, na sehemu nyingine hukandamiza uso wa mteremko kwa kuuelekea moja kwa moja, kama nguzo iliyosimikwa wima juu yake. Msuguano hufuata sehemu hii ya pili peke yake. Ndiyo maana mteremko ukizidi kuinuka mshiko wake hupungua, hata sanduku likaponyoka. Vivyo hivyo, mtu akikandamiza kitabu ukutani kwa kiganja, kitabu hakianguki. Uzito wa kitabu hauugusi ukuta hata kidogo. Mkono ndio unaokandamiza, na msuguano hupimwa kwa mkono. Na yule avutaye mzigo kwa kamba iliyoinuka kidogo hupata nafuu, kwa kuwa sehemu ya nguvu yake huunyanyua mzigo na kuipunguzia ardhi mkandamizo. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Waburuzaji nao wana nafuu yao katika kila ratili iliyoondolewa juu ya ardhi.

Watu wa kale waliushinda msuguano kabla ya kuupima. Katika kaburi la Djehutihotep, liwali wa Misri ya kale, huko Deir el-Bersha, palichorwa ukutani karibu miaka 1900 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa picha ya sanamu kubwa ya mawe ikiburuzwa juu ya sleji, yaani chombo cha mbao cha kuburuzia mizigo kisicho na magurudumu. Wavutaji 172 wamepangwa katika safu nne, na mbele ya sleji amesimama mtu mmoja akimimina maji mchangani. Zamani wako waliodhani kuwa umiminaji huo ulikuwa ibada tu. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, walijaribu kuburuza sleji ndogo juu ya mchanga mkavu na mchanga uliotiwa maji. Waliona kuwa maji ya kiasi kifaacho huushikanisha mchanga usijilundike mbele ya sleji, na nguvu ya kuvuta hupungua hata kufikia nusu. Uzito wa sanamu ile hukadiriwa kuwa karibu tani 58. Ikiwa kila mvutaji alitoa nguvu ya kubeba kilo 80, jumla ya nguvu yao ilikuwa karibu robo ya uzito huo. Wamisri walijua idadi ya watu watakaohitajika, na huenda walijua kwamba sanamu ya uzito maradufu yataka watu maradufu. Lakini ujuzi huo ulikaa mikononi mwa mafundi.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kuwa aliipima kanuni hii na kuiandika ni Leonardo da Vinci wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1452 na kufa mwaka 1519. Dunia humjua zaidi kwa uchoraji, lakini madaftari yake yamejaa roda, magurudumu, skrubu na mizigo inayoburuzwa. Alivuta vipande vya mbao juu ya meza kwa kamba iliyopita juu ya roda na kufungwa uzito mwishoni, akatazama ni uzito gani utosha kuanzisha mwendo. Alivilaza vipande hivyo kwa pande zao mbalimbali, akaona kuwa upana hauleti tofauti. Aliongeza mzigo maradufu, akaona kuwa ukinzani huwa maradufu. Hata uwiano aliutaja: kwa maoni yake kitu laini hukinza kwa robo ya uzito wake. Mzigo wa kilo 100, kwa hesabu hiyo, wataka kilo 25 za kuuvuta.

Leonardo hakuyachapisha hayo. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda kinyume kama zionekanavyo katika kioo, na baada ya kufa kwake madaftari yalitawanyika katika nyumba za matajiri na maktaba za wafalme. Mawili kati yao, yaliyokuwa Madrid, hayakujulikana yalipo mpaka miaka ya 1960. Daftari jingine dogo liko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London. Ukurasa wake mmoja, wa mwaka 1493, una michoro ya chaki nyekundu iliyofifia, ambayo katika miaka ya 1920 ilihesabiwa kuwa haina maana. Mwaka 2016 Ian Hutchings, profesa wa Cambridge, alionyesha kuwa michoro hiyo iliyodharauliwa ni vipande vya mbao vikivutwa kwa uzito juu ya roda, na kuwa ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya kanuni za msuguano. Hazina ilikuwa wazi mbele ya macho, nayo haikutambuliwa.

Kwa hiyo kanuni ilingoja karibu miaka 200 ili izaliwe mara ya pili. Mzazi wake wa pili alikuwa Mfaransa Guillaume Amontons, aliyezaliwa Paris mwaka 1663. Tangu ujana wake alikuwa kiziwi, na uziwi huo haukumzuia kuwa fundi hodari wa vipimo vya joto na hewa. Mwishoni mwa mwaka 1699 aliisomea Akademia ya Sayansi ya Paris habari za ukinzani uliomo katika mashine. Alikuwa amechukua vipande vya shaba, chuma, risasi na mti, akavipaka mafuta ya wanyama, akavikandamiza kwa springi na kuvivuta kwa springi nyingine iliyokuwa mizani. Matokeo yake yalikuwa mawili: msuguano huongezeka kwa kadiri ya mkandamizo, na upana wa nyuso zinazogusana haudhuru kitu. Aliongeza la tatu, kwamba kwa vitu vyote hivyo msuguano ni karibu theluthi ya mkandamizo. Hili la tatu lilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe yaeleweka: vitu vyote alivyojaribu vilikuwa vimevikwa vazi moja la mafuta, kwa hiyo tofauti zao zilifunikwa.

Wanachuoni wa Akademia walilipokea neno la upana kwa mashaka. Hawakuona vipi uso mpana usikinze zaidi kuliko uso mwembamba. Hapo ndipo palipoonekana manufaa ya desturi njema ya elimu, maana shaka haikujibiwa kwa ukali wa maneno. Philippe de La Hire, mwenzao, alichukua vipande vya mbao na marumaru vyenye ukubwa mbalimbali na uzito mmoja, akavivuta, na matokeo yakamsadiki Amontons. Kanuni ikakubaliwa, na hata leo yaitwa kwa jina la Mfaransa huyo aliyekufa mwaka 1705 akiwa na umri wa miaka 42.

Kukubali jambo si kulielewa. Amontons alieleza kuwa hapana uso ulio laini kweli kweli. Kila uso una vilima na mabonde madogo, na vitu viwili vikikutana, vilima vya kimoja huingia katika mabonde ya kingine. Ili kitu kiende, sharti kipande vilima hivyo, na kupanda ni kuinua mzigo. Basi mzigo ukiwa maradufu, kazi ya kuuinua nayo ni maradufu. Maelezo hayo yalikuwa mepesi na ya kupendeza, yakaenea. Leonhard Euler wa Basel, mwanahesabu mkubwa wa karne ya 18, aliyafuata. Katikati ya karne hiyo alionyesha kuwa uwiano wa msuguano waweza kupimwa kwa mteremko tu: ubao huinuliwa polepole mpaka kitu kilicho juu yake kianze kuteleza, na kimo cha mteremko wakati huo, kikigawanywa kwa urefu wa kitako chake, ndicho uwiano wenyewe. Yeye pia alitenganisha msuguano wa kitu kilichotulia na ule wa kitu kiendacho, kwa kuona kwamba kitu kikishaponyoka, huteremka kwa haraka kuliko ilivyotazamiwa kama ukinzani ungebaki ule ule.

Lakini palikuwa na sauti nyingine. John Theophilus Desaguliers, aliyezaliwa Ufaransa na kukulia Uingereza, mwaka 1725 alieleza majaribio yake ya vipande viwili vya risasi. Alivikata pahali padogo vikawa safi, akavikandamiza kwa mkono huku akivisokota, navyo vikashikamana kwa nguvu hata ikahitajika ratili nyingi kuviachanisha. Aidha, aliona kuwa metali zikisuguliwa mpaka zikawa laini kupita kiasi, msuguano wao huzidi badala ya kupungua. Kama vilima ndivyo sababu, mbona kuviondoa vilima kunazidisha ukinzani? Ilielekea kwamba vitu hunatana. Lakini fikra ya kunatana iligonga mwamba mmoja: kama vitu hunatana, basi eneo pana lingenata zaidi ya eneo dogo, na majaribio yote yalikataa hilo. Kwa hiyo ushahidi wa risasi uliwekwa kando, usikanushwe wala usitumike.

Mtu aliyeipa kanuni hii msingi wa vipimo ni Charles-Augustin Coulomb, ambaye jina lake hukumbukwa pia katika elimu ya umeme. Alizaliwa Angoulême mwaka 1736, akawa mhandisi wa jeshi, na kwa miaka kadhaa alisimamia ujenzi wa ngome katika kisiwa cha Martinique. Akademia ya Paris ilipotoa zawadi kwa atakayechunguza msuguano kwa namna itakayofaa mashine za mabaharia, Coulomb alifanya majaribio yake katika karakana ya merikebu huko Rochefort, na mwaka 1781 akaipata zawadi. Jambo hili halikuwa mchezo wa wenye nafasi. Merikebu ya vita ilijengwa nchi kavu, na siku ya kushushwa ilitelezeshwa juu ya mbao zilizopakwa mafuta. Mteremko ukiwa mdogo kuliko utakiwavyo, merikebu hukwama baada ya gharama kubwa; ukiwa mkali kupita kiasi, huponyoka kabla ya wakati na kuwaangamiza walio mbele yake. Yeyote aliyeona jahazi likishushwa pwani, wavutaji wakipokezana wimbo na wito, ajua kwamba kipande cha kwanza cha safari ndicho kigumu kuliko vyote.

Coulomb alichunguza mambo manne: aina ya vitu na mafuta yaliyopakwa, upana wa nyuso, ukubwa wa mkandamizo, na muda ambao vitu vimekaa vimetulia. Aliona kuwa Amontons alisema kweli katika mkandamizo na upana, isipokuwa kwa tofauti ndogo. Aliona pia kuwa mbao zilizokaa pamoja kwa muda hushikana zaidi kuliko zilizogusana punde hivi, na kwamba kitu kikishaanza kwenda, mwendo wa haraka au wa polepole haubadili sana msuguano wake. Kuhusu sababu, alilinganisha nyuso za mbao na burashi mbili zilizoingiana nywele. Aliitaja fikra ya kunatana, hata akaiwekea nafasi katika hesabu yake, lakini vipimo vilimwonyesha kuwa sehemu hiyo ni ndogo mno. Akarejea kwenye vilima.

Dosari ya fikra ya vilima ilifichuliwa mwaka 1804 na John Leslie wa Uskoti. Alisema, kwa maana hii, kwamba kila apandaye kilima hushuka upande wa pili. Kama kupanda hugharimu nguvu, kushuka huirudisha. Basi juu ya uwanda wenye vilima vidogo vingi, faida na hasara zingelipana, na msuguano usingekuwapo. Hoja hiyo ilikuwa kali, kwa kuwa kila mtu ajua kuwa nguvu ya msuguano hairudi. Miaka sita nyuma, mwaka 1798, Count Rumford alikuwa ameeleza jinsi mizinga ilivyotoboka kwa keekee mjini München ikapata joto lisilokoma maadamu keekee yazunguka. Nguvu ilikwenda katika joto, na vilima peke yake havikuweza kuieleza njia hiyo.

Karne ya 19 haikulijibu swali la Leslie. Kazi yake ilikuwa reli, mashine za mvuke na viwanda, na wahandisi walihitaji hesabu zaidi ya sababu. Arthur Morin alifanya majaribio mengi katika mji wa Metz tangu mwaka 1831, akaithibitisha kanuni na kutoa majedwali ya uwiano wa vitu mbalimbali. Breki zilibuniwa, mikanda ikazungusha mashine, na magari yakasimama yalipotakiwa kusimama, yote kwa kanuni ambayo hakuna aliyeweza kusema kwa nini ni kweli.

Jibu lilitoka Cambridge, kwa Frank Philip Bowden, mzaliwa wa Tasmania, na David Tabor, mzaliwa wa London. Mwaka 1939 walitoa matokeo ya kupima umeme upitao kati ya metali mbili zilizokandamizwa. Umeme hupita pale tu panapogusana kweli, na kwa kipimo hicho iliwezekana kukadiria eneo la mguso lenyewe. Ikaonekana kuwa vipande vya feleji vilivyolainishwa kwa ustadi, katika mizigo ya kiasi, hugusana kwa sehemu 1 kati ya 10,000 ya eneo linaloonekana, au chini ya hapo. Bowden alikuwa akisema kuwa kuweka kitu juu ya kingine ni kama kuipindua Uswisi na kuisimamisha juu ya Austria: milima hukutana kwa vilele vichache, na mabonde hubaki matupu.

Hapo fumbo la tofali lilifumbuliwa. Vilele hivyo vichache hubeba mzigo wote, na mzigo mkubwa juu ya ncha ndogo huiponda ncha. Ncha hupondeka na kutanuka mpaka eneo la miguso yote litoshe kuubeba mzigo, kisha hukoma. Mathalan metali inayokubali kupondwa kwa kilo 100 juu ya kila milimita mraba, ikibeba kilo 100, miguso yake yote pamoja itakuwa milimita mraba 1 tu, hata kama uso wake ni mpana kama meza. Katika miguso hiyo vitu vimenatana kweli, kama risasi ya Desaguliers, na ili viende sharti miungano ikatwe. Kama kuikata kwataka kilo 20 kwa kila milimita mraba, msuguano utakuwa kilo 20, yaani sehemu ya tano ya mkandamizo. Mzigo ukiwa kilo 200, miguso itakuwa milimita mraba 2, na msuguano kilo 40. Uwiano haubadiliki. Tofali likilazwa kwa ubapa, miguso hutawanyika mahali papana. Likisimamishwa kwa ubavu, hukusanyika mahali padogo. Lakini jumla yake ni ile ile, kwa sababu mzigo ni ule ule.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa na sehemu ya haki. Amontons alikuwa na haki aliposema kuwa eneo linaloonekana halidhuru, na Desaguliers alikuwa na haki alipodhani kuwa vitu hunatana. Kilichowatenganisha ni neno moja, eneo, ambalo macho hulipa maana moja na metali huijua maana nyingine. Msuguano hufuata eneo la kweli, na eneo la kweli hufuata mkandamizo.

Bowden na Tabor walikusanya kazi yao katika kitabu mwaka 1950, na wengine wakaiendeleza. Ilibaki hoja kwamba si kila kilele hupondeka. Vingine hubonyea na kurudi, na kwa kilele kimoja cha namna hiyo eneo halilingani barabara na mzigo. John Archard mwaka 1957, kisha Greenwood na Williamson mwaka 1966, walionyesha kuwa vilele vikiwa vingi na vimo vyake vikitofautiana, mzigo ukiongezeka huviita vilele vipya kuja kuusaidia, na jumla ya eneo hukua tena kwa kadiri ya mzigo. Mwaka huo huo wa 1966 taarifa iliyotolewa Uingereza chini ya uongozi wa Peter Jost ilikadiria kuwa nchi hiyo ingeweza kuokoa paundi milioni 515 kila mwaka kwa kuushughulikia vema msuguano, ulikaji na ulainishaji wa mashine. Elimu hiyo ikapewa jina la tribolojia, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusugua.

Kanuni yenyewe haikuachwa bila mipaka. Mpira ni laini na hubonyea sana, na uwiano wake hushuka kadiri mzigo unavyopanda. Kwa hiyo watengenezaji wa magurudumu ya motokaa hawawezi kumtegemea Amontons peke yake. Vitu vyenye gundi hushikana hata pasipo mkandamizo wowote. Na kila uwiano ulioandikwa katika majedwali ni wa jozi ya vitu, katika hali fulani ya usafi, unyevu na mafuta. Hapana kitu chenye uwiano wake peke yake. Dereva ashukaye mlima baada ya mvua ajua hilo bila ya jedwali: uzito wa gari ni ule ule wa jana, mkandamizo juu ya barabara ni ule ule, lakini mshiko umepungua.

Historia hii yatufundisha adabu ya elimu. Kanuni yaweza kuwa kweli na sababu yake ikakosewa. Wajenzi wa merikebu na wa reli walifanya vyema kuitumia bila ya kungoja. Lakini wangelikosa wale waliodhani kuwa kwa sababu kanuni yafanya kazi, basi maelezo yake yamekwisha. Vipande viwili vya risasi vilivyonatana, na hoja ya Leslie juu ya apandaye na kushuka, vilikaa miaka mingi kama mashahidi wasioitwa barazani. Vilipoitwa, vilisema jambo ambalo jicho lisingeliweza kulisema: kwamba vitu vionekanavyo kukumbatiana kifua kwa kifua hugusana kwa ncha za vidole tu, na katika ncha hizo ndimo mzigo wote ulimo.